Meya ni wa Nani?

Kila uchaguzi mkuu umalizikapo na madiwani wakaapishwa, huzuka katika miji yetu mazungumzo ya namna moja. Vijiweni, sokoni na ndani ya mabasi watu huulizana: Nani atakuwa Meya? Majina hutajwa, ukoo na mtaa wa kila mmoja hutajwa, na wako hata wanaojua nani amekwenda kwa nani usiku wa juzi. Kisha siku hufika, madiwani huingia ukumbini, na baada ya saa mbili au tatu jina hutoka. Wananchi hupiga makofi au huguna, wakarudi kazini kwao. Leo twapenda kuyachukua mazungumzo hayo na kuyasogeza mbele kidogo, kwa kuuliza swali ambalo kwa maoni yetu hulitangulia lile la kwanza. Meya huyo ni wa nani, na akisha kukaa kitini ana nini mkononi?

Tuanze na mji ambao hauna Meya. Korogwe, katika mkoa wa Tanga, ni mji wa mto, wa mkonge na wa reli; garimoshi la Wajerumani lilifika hapo kutoka Tanga mwaka 1902, na tangu hapo mji huo umekuwa njia panda ya watu wa mlimani na wa bondeni. Kwa sheria zetu, jina la Meya ni la manispaa na la jiji. Mji kama Korogwe, au jirani yake Handeni, huongozwa na Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji. Majina yanatofautiana, na majoho huenda yakatofautiana, lakini kazi ni ile ile: kuongoza baraza la watu waliochaguliwa ili waendeshe mambo ya mji wao.

Sasa mtazameni mkazi wa Kilole, moja ya kata za mji huo. Siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi ya Rais, ya Mbunge wa Korogwe Mjini, na ya Diwani. Karatasi ya mkuu wa mji wake haipo. Diwani wa Kilole atakwenda kukutana na wenzake wa Manundu, Magunga, Majengo, Mtonga, Kwamndolwa, Mgombezi na kata nyinginezo, pamoja na madiwani wa viti maalumu na Mbunge. Watu hao, ambao wote kwa pamoja hawajazi basi dogo la kwenda Tanga, ndio wamchaguao Mwenyekiti. Atashika uongozi kwa miaka mitano. Mkazi wa Kilole atalisikia jina lake jioni.

Wako wasemao kwamba hapo ndipo penye kosa, na kwamba dawa yake ni moja tu: Meya na Mwenyekiti wachaguliwe na wananchi wenyewe kwa kura ya moja kwa moja. Twaiheshimu hoja hiyo, na tutaijibu. Lakini si desturi yetu kumeza dawa kabla ya kuuliza waliokwisha kuinywa.

Msomaji wa Kilole asishangae tukianzia mbali, Japani. Nchi ile, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa katika hali ambayo sisi twaijua vema. Serikali kuu ilikuwa na nguvu na haraka ya maendeleo. Miji ilikuwa ikijaa watu kutoka mashambani upesi kuliko ilivyoweza kuchimbiwa mitaro. Na wakubwa waliogopa kwamba mabaraza ya miji, yakiachwa yajiamulie, yatazaa fujo. Sheria ya miji ya mwaka 1888 iliandikwa kwa hofu hiyo. Baraza la mji lilipendekeza majina matatu ya watu wanaofaa kuwa Meya, na serikali ikateua mmoja. Wapiga kura waligawanywa katika madaraja matatu kwa kadiri ya kodi waliyolipa, hata matajiri wachache wakapata madiwani sawa na halaiki ya walipa kodi ndogo. Kabwela asiyelipa kodi hakuwa na kura hata moja. Na miji mitatu mikubwa, yaani Tokyo, Osaka na Kyoto, haikuaminiwa hata kwa kiasi hicho. Mpaka mwaka 1898 haikuwa na Meya wake yenyewe. Mkuu wa mkoa, aliyeteuliwa na serikali, ndiye aliyefanya kazi hiyo.

Mlango ulifunguliwa polepole. Mwaka 1911 sheria ilibadilishwa ili Meya awe ndiye mtendaji mkuu wa mji wake. Mwaka 1926 baraza likapata haki ya kumchagua Meya pasipo kuomba kibali cha waziri, na wakati huo huo ile kura ya madaraja ikaondolewa, wanaume wote wakapiga kura sawa. Wanawake waliendelea kungoja nje mpaka vita ilipokwisha. Wananchi wa Japani walianza kuwachagua Mameya wao moja kwa moja mwaka 1947, karibu miaka 60 baada ya sheria ya kwanza.

Lakini jambo lililotuvuta ni hili. Katika miaka hiyo ya nusu uhuru, ambayo mwananchi hakumchagua Meya, Japani ilipata Mameya ambao majina yao yanakumbukwa hata leo. Ozaki Yukio aliiongoza Tokyo kutoka mwaka 1903 hadi 1912. Wageni humkumbuka kwa miche ya cheri aliyoipelekea Washington mwaka 1912, lakini mkazi wa Tokyo alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kumkumbuka, maana katika wakati wake, mwaka 1911, mji ulizinunua reli za tramu zilizokuwa mali ya kampuni, ukaziendesha wenyewe. Goto Shinpei, aliyeshika Umeya wa Tokyo mwishoni mwa mwaka 1920, aliandika mpango wa mitaa, mitaro, bandari na bustani wenye gharama ya yeni milioni 800. Watu walicheka. Serikali haikuzitoa fedha hizo. Tarehe 1 Septemba 1923 ikaja zilzala kubwa iliyouangusha na kuuteketeza mji, na Goto, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuacha Umeya, akaitwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaanza kuujenga upya mji ule ule alionyimwa fedha za kuutengeneza.

Anayetupendeza sisi kupita wote ni Seki Hajime wa Osaka. Huyu hakuwa diwani wala mtu wa majukwaa. Alikuwa mwalimu katika chuo cha biashara cha Tokyo. Mwaka 1914 akaitwa Osaka kuwa Naibu Meya, na tangu 1923 akawa Meya hadi alipofariki dunia mwaka 1935 akiwa kazini. Osaka ulikuwa mji wa viwanda na moshi. Seki aliichukua njia iitwayo Midosuji, ambayo upana wake ulikuwa mita kama sita tu, akaipanua iwe barabara ya mita 44, na chini yake akapitisha reli iliyoanza kubeba abiria mwaka 1933. Fedha zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa wenye viwanja kando ya barabara hiyo, waliotozwa mchango maalumu kwa hoja ambayo twaiona kuwa ya haki kabisa: kiwanja chako kimepanda thamani kwa jasho la mji mzima, basi urudishie mji kidogo.

Waliwezaje watu hawa? Si kwa sababu walichaguliwa na umma, maana hawakuchaguliwa nao. Waliweza kwa sababu mtu mmoja alikuwa Meya na mtendaji mkuu kwa pamoja, akalipwa mshahara wa kazi hiyo, akakaa miaka ya kutosha, na mji wake ulikuwa na kodi na mapato yake wenyewe. Hapo pana tofauti na sisi, tutairudia.

Hatusemi kwamba mambo yalikuwa mazuri tu. Baraza la Tokyo lilikuwa na sifa mbaya ya rushwa tangu mwanzo wa karne. Hoshi Toru, mwanasiasa mwenye nguvu kupita wote katika baraza hilo, aliandamwa na tuhuma za hongo, na mwaka 1901 mtu mmoja aliyeona kwamba sheria haitamgusa akamchoma kisu akamwua. Vyama viligawana vyeo na zabuni. Katika mwaka 1928 madiwani wengi wa Tokyo walikamatwa kwa mambo ya hongo, na Desemba ya mwaka huo Waziri wa Mambo ya Ndani akalivunja baraza zima.

Tusimame hapo, kwa sababu nasi tunayo habari kama hiyo. Mwaka 1996 Serikali yetu ililivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam. Sababu zilikuwepo, wala hatuna haja ya kuzipamba: taka zilikuwa zimelundikana mitaani, barabara zimekwisha, na fedha za Jiji hazikuwa na mwenyewe. Ikaundwa Tume ya Jiji chini ya Ndugu Charles Keenja. Tume ilifanya kazi. Mitaa ilisafishwa, mapato yakaongezeka, na wakazi wengi waliifurahia hata baadhi yao wakasema heri Tume kuliko madiwani. Lakini Tokyo baraza lilipovunjwa Desemba 1928, wapiga kura waliitwa tena mapema mwaka 1929 ili wachague madiwani wengine. Dar es Salaam ilikaa bila madiwani wa kuchaguliwa mpaka mwaka 2000, yalipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na Halmashauri ya Jiji juu yake, na Ndugu Kleist Sykes akawa Meya. Mji mkubwa kuliko yote nchini ulikaa miaka minne bila mwakilishi hata mmoja wa kumwuliza mtawala wake kwa nini.

Kuvunja baraza ni kama kumkata mgonjwa kwa kisu cha daktari. Huenda ikawa lazima. Lakini daktari hamwachi mgonjwa amelala wazi juu ya meza kwa miaka minne kwa kuwa tumbo lake sasa ni safi. Twasema wazi kwamba kila baraza livunjwapo, kwa sababu yoyote ile, wananchi wapaswa kurudishiwa kura yao katika muda wa miezi inayohesabika kwa vidole.

Na jambo hili la kuvunja si geni kwetu. Wazee wetu watakumbuka furaha ya mwaka 1960, Sheikh Kaluta Amri Abedi alipokuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti cha Meya wa Dar es Salaam. Manispaa hiyo ilikuwa imeundwa mwaka 1949 chini ya Waingereza, na kwa miaka zaidi ya kumi kiti hicho kilikuwa cha wageni, katika mji ambao waliouchimba na kuujenga walikuwa Waafrika. Sheikh Amri, mzaliwa wa Ujiji, mwalimu wa dini na mshairi ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichapishwa mwaka 1954, alikaa katika kiti hicho, na watu wakaona kwa macho yao kwamba Uhuru unakuja. Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, Dar es Salaam ikapewa heshima ya Jiji. Kisha Sheikh Amri akawa waziri, na mwaka 1964 akafariki dunia ughaibuni, Ujerumani, akiwa bado kijana.

Haikuchukua miaka mingi furaha hiyo kugeuka. Katika miaka ya 1972 na 1973, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya na ya miji yaliondolewa, na mahali pake wakawekwa watumishi kutoka makao makuu. Nia ilikuwa kuyasogeza maendeleo karibu na wananchi. Yaliyosogea karibu ni maofisa. Miji ikakosa msimamizi. Mitaro ikaziba, mabomba yakaoza, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe kwa sheria ya muda, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za Serikali za Mitaa ambazo, pamoja na marekebisho yake, ndizo zinazotuongoza. Mabaraza yakaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa mtu wa kuficha kosa lake, alikiri katika mazungumzo yaliyochapishwa kwamba kuondoa Serikali za Mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo, kama angeanza upya, asingeyafanya. Ibara za 145 na 146 za Katiba yetu zikaandikwa ili madaraka yawe mikononi mwa wananchi. Twayakumbusha haya kwa sababu Chama kilichofanya kosa hilo na Chama kilicholisahihisha ni kimoja, nalo gazeti hili ni lake.

Basi turudi kwa wenye hoja ya kura ya moja kwa moja. Twende Kampala. Huko wananchi humchagua Meya wao wenyewe. Lakini sheria ya mwaka 2010, iliyoanzisha Mamlaka ya Jiji la Kampala, iliyapeleka madaraka ya utendaji kwa Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, na ikamwachia Meya Mkuu joho na maneno. Mwaka 2011 wananchi walimchagua Erias Lukwago, mtu wa upinzani. Mwaka 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa. Kesi zikaenda mahakamani na kurudi. Mwaka 2016 wananchi wakamchagua tena, na mwaka 2021 tena. Kura za maelfu zilimpa heshima, wala hazikumpa funguo za ghala. Nairobi nayo ilimpata Meya Mwafrika wa kwanza, Charles Rubia, mwaka 1962. Ikavunjiwa baraza mwaka 1983 na kutawaliwa na tume mpaka 1992. Na mwaka 2013, Katiba mpya ya Kenya ilipoanza kutumika katika kaunti, kiti cha Meya kikafutwa na mahali pake akaja Gavana anayechaguliwa na wananchi, mwenye bajeti yake na mawaziri wake. Wakenya wanagombana na Magavana wao kila siku. Lakini wanajua wanagombana na nani, na juu ya fedha gani.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kura ya moja kwa moja ni jambo jema, na siku yake itakuja. Ila kumpigia kura mtu ambaye hana cha kutoa ni kuwachosha wananchi na kuandaa ugomvi. Kwanza tukijaze kiti, kisha tuwaite watu wamchague wa kukikalia.

Maana kiti chenyewe kimekuwa kikipunguziwa. Hilo halikufanywa na mtu mmoja, wala kwa nia mbaya. Kila kipande kiliondolewa kwa sababu yake, na sababu nyingine zilikuwa za haki kabisa. Kodi ya maendeleo, iliyowafanya watu wakimbilie vichakani wamwonapo mgambo, ilifutwa mwaka 2003, na hakuna mwenye akili atakayeililia. Mwaka uliofuata ada za leseni za biashara ndogo zikapunguzwa na nyingine kufutwa. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipelekwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ukaunganishwa na ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilihamishiwa TARURA. Mwishoni mwa mwaka 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000 vikawaondolea wamachinga ushuru wa kila siku, jambo ambalo nasi tulilifurahia. Maji ya mji yako katika mamlaka ya maji. Mishahara ya walimu na waganga hutoka Hazina.

Ukiyajumlisha haya yote utaona kwamba mkazi wa Kilole akimwuliza Mwenyekiti wa mji wake habari za barabara iliyokatika, ataambiwa aende TARURA. Akiuliza juu ya bomba, aende kwenye mamlaka ya maji. Akiuliza fedha yake ya kodi ya nyumba imefanya nini, jibu litakuwa refu kuliko subira yake. Amelipa kila aliponunua umeme, pengine bila kujua kwamba alikuwa analipa kodi ya majengo, wala hakuna ubao wowote katika kata yake unaosema Kilole imetoa kiasi gani na imerudishiwa kiasi gani. Lile wazo la Seki wa Osaka, kwamba mwenye kiwanja hurudishia mji kile ambacho mji umempa, hutaka kwanza mwenye kiwanja auone mji ukimpa. Fedha ikipita juu ya kichwa chake hadi kwingine kisha ikarudi kama zawadi, huacha kuwa yake. Atashukuru, au atalalamika, hatadai hesabu.

Na katika yale machache yaliyobaki, yaani soko, stendi, usafi, shule, zahanati na sheria ndogo za mji, Mwenyekiti au Meya si mtendaji. Mtendaji ni Mkurugenzi, naye huteuliwa. Baraza huweza kumwuliza, kumkemea na kuyakataa makadirio yake, kumwondoa haliwezi. Tunawajua Wakurugenzi wengi walio hodari na waaminifu, na tunawajua madiwani ambao kama wangeachiwa sanduku lisingefika Ijumaa. Hivyo hatudai kwamba mambo yote wapewe madiwani kesho asubuhi. Tunachosema ni kwamba mtu aulizwaye na wananchi na mtu awezaye kutenda wamekuwa watu wawili, na mwananchi husimama katikati yao akigeuza shingo huku na huku.

Sasa tufike mahali ambapo huenda baadhi ya wenzetu wasingependa tufike. Katika mabaraza ambayo Chama chetu kina wingi wa madiwani, na Korogwe si peke yake, uchaguzi wa Meya au Mwenyekiti hauamuliwi ndani ya ukumbi wa baraza. Huamuliwa siku kadhaa kabla, katika kikao cha madiwani wa Chama, baada ya vikao vya juu kuyachuja majina. Ukumbini hufanyika sherehe tu. Hatuoni aibu juu ya hilo, kwa kuwa kila chama duniani hukubaliana kwanza nyumbani, na hata Tokyo ya miaka ya 1920 ilikuwa hivyo. Lakini ikiwa uchaguzi wa kweli ni ule wa nyumbani, basi nyumbani ndipo panapotakiwa mwanga. Hongo haiwafuati watu 20 ukumbini mchana mbele ya msimamizi. Huwafuata nyumbani kwao usiku. Kuna nini kinachotuzuia kuwasimamisha wagombea wote wa uenyekiti mbele ya mkutano wa hadhara, Manundu leo na Kilole kesho, kila mmoja aseme atalifanyia nini soko na stendi, kabla ya madiwani kupiga kura yao ya ndani? Diwani atakayempigia kura mtu baada ya hapo atajua kwamba watu wa kata yake walikuwapo na walisikia.

Tusije tukadhani kwamba haya ni mambo madogo ya wenye tamaa ya joho. Desemba 2010, katika mji wa Arusha, baraza lilikutana kumchagua Meya, na ukazuka ubishi kama mbunge mmoja wa viti maalumu, aliyesemwa kuwa ni wa mkoa wa Tanga, alikuwa na haki ya kupiga kura huko. Wapinzani walisusia matokeo. Tarehe 5 Januari 2011 wakaandamana, polisi wakatumia risasi, na watu watatu wakapoteza maisha. Walikufa kwa sababu ya kura moja katika ukumbi ambao wao wenyewe wasingeruhusiwa kupiga kura. Na mwaka 2016, Dar es Salaam, uchaguzi wa Meya uliahirishwa mara kadhaa mpaka watu wakaanza kuufanyia mzaha, na mwishowe Ndugu Isaya Mwita wa upinzani akashinda. Naye mwaka 2020 akaondolewa kwa kura iliyozua mabishano na kufika mahakamani. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya kuwa Jiji la Dar es Salaam. Gharama za mabaraza mawili juu ya mji mmoja zilikuwa hoja ya kweli, nasi hatuipuuzi. Ila Wajapani nao mwaka 1943, katikati ya vita, waliifuta manispaa ya Tokyo wakaiunganisha na mkoa chini ya mtu aliyeteuliwa na serikali, wakisema ni kupunguza gharama na kuongeza umoja. Vita ilipokwisha jambo la kwanza walilotaka wakazi lilikuwa kumchagua mkuu wao.

Katika hayo yote tunayoyataka, moja halihitaji sheria mpya wala fedha ya Hazina. Ni ubao. Uwekwe katika ofisi ya kila kata, kuanzia Kilole, uandikwe kwa herufi ambazo mzee huweza kuzisoma pasipo miwani: kodi ya majengo iliyotoka katika kata hii, ushuru uliotoka sokoni, mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu na vikundi vilivyoipata, na kazi zilizofanywa kwa fedha hizo. Mtendaji wa kata anazo hesabu hizo au anaweza kuziomba. Asiyetaka ziandikwe atueleze kwa nini, nasi tutayachapa maelezo yake.

Jingine ni la wananchi. Mkutano wa kawaida wa baraza la mji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na milango yake ni wazi kwa umma. Viti vya nyuma huwa vitupu, ila kwa mwandishi wa habari mmoja na mtu aliyekuja kumngojea diwani amsainie barua. Kutoka Kilole hadi ukumbini si safari.